Rili Iliyomzeesha Babu

Kila Jumamosi asubuhi, Kiroboto alichimbua minyoo nyuma ya jiko huku babu yake akipangusa ufito wa kuvulia samaki. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa binti huyo hakujua kutulia hata akiwa anakula. Kisha walishuka mtoni, na kama samaki walikataa, walirudi na hadithi tu.

Jumamosi hii babu hakugusa ufito. Alikaa kitandani akiikunja na kuikunjua mikono yake.

"Babu, minyoo iko tayari!"

"Wiki iliyopita si ulijionea? Kuzungusha rili kumenishinda. Mikono imechoka, mjukuu wangu. Uzee hauna dawa."

Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na Kiroboto alijua fika kwa nini kilikuwa kizito. Kabla ya Jumamosi hiyo iliyopita, alikuwa ameichukua rili bila ruhusa ili awaringie wenzake, ikamponyoka mchangani. Akaifuta juu juu kwa gauni, akairudisha mahali pake, akanyamaza.

"Twende dukani," babu akasema, akiitia rili yake mfukoni. "Labda wanayo ya vikongwe."

Mwenye duka la vifaa vya uvuvi, mama mcheshi, alipanga rili tatu mezani. "Hii iliyofunikwa ni ya bei nafuu. Unabonyeza kitufe, unarusha, basi. Lakini samaki mkubwa akiivuta, meno ya gia ndani ya rili yatang'oka. Hii ya wazi ni ya bei ya kati, wengi ndiyo wanayotumia. Na hii, mzee, bei yake hata mimi naogopa kuitaja. Izungushe tu uone."

Babu aliizungusha ile ya bei ghali. Ilizunguka bila sauti. Uso wake ukachangamka, kisha akairudisha mezani taratibu.

"Ya nini kwa mkono unaoaga? Nipe iliyofunikwa. Ikinishinda na hiyo, ufito nitampa jirani."

"Na mimi nitakwenda mtoni na nani?" Kiroboto akauliza.

"Na wenzako, mjukuu wangu."

Kiroboto hakuweza kuvumilia tena. Aliushika mkono wa babu kwa mikono yake miwili. "Mkono wako ni mzima, babu! Niliiangusha rili mchangani, nikakuficha."

Mama mwenye duka aliomba ile rili kuukuu. Akafungua skrubu, akaigonga juu ya gazeti, na mchanga ukamwagika. Akaipangusa, akaipaka grisi, akamkabidhi babu. Babu akaizungusha kwa kidole kimoja. Akaizungusha tena, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe bado kijana!" akacheka. "Nimejizeesha bure wiki nzima!"

"Umenikasirikia, babu?"

"Nimekasirika, ndiyo. Kuangusha kitu ni bahati mbaya, hata mimi nimewahi kuitumbukiza mtoni. Lakini kosa ukilificha halipotei, mjukuu wangu. Hubebwa na mwingine asiyejua analobeba. Mimi nililibeba mikononi."

Kiroboto aliinamisha kichwa. Babu akamvuta kifuani, akamkumbatia.

"Hivyo leo siuzi kitu?" mama mwenye duka akatania.

"Nifungie ndoano mbili," babu akajibu. Kisha akaiweka rili kwenye viganja vya Kiroboto. "Kuanzia leo, kuisafisha ni kazi yako. Haya, twende. Minyoo inatusubiri."