Gauni Jekundu Kwenye Kiti cha Alfani

Kadidja na Alfani walikutana katikati ya soko kuu la Kisangani, saa ya msongamano, siku kitenge cha Kadidja kiliponaswa na mnyororo wa toleka ya Alfani, baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma. Watu walicheka. Alfani alipiga magoti akakichomoa taratibu, na Kadidja, fundi cherehani asiyevumilia tundu kwenye nguo, akalisamehe lile. Miezi minane baadaye, wazee wa Alfani walipanga kwenda kuposa kwa Tonton Jafari, mjomba aliyemlea Kadidja.

Jumapili kabla ya posa iliyopangwa Jumamosi, madereva wa toleka walifanya matembezi yao ya mwaka: kutwa nzima kufuata ukingo wa mto hadi kivuko cha Mto Lindi, vilima juu ya vilima. Kadidja aliendesha baiskeli yake mwenyewe, gauni la njano, kilemba cha njano. Alipendeza, na alijua.

Kwa watu wa toleka, kilima kina sheria yake. Mteja hushuka akatembea. Anayebaki amekaa huku dereva akisukuma ni mchumba wake tu, na mji mzima unajua hivyo.

Wakati wa kurudi Kadidja alitangulia. Alipofika juu ya kilima kirefu aligeuka amtazame mpenzi wake. Akaona gauni jekundu. Joëlle, dada yake Constant, dereva mwenzake Alfani, amekaa kitini, ameshika bega la Alfani, na Alfani anasukuma, jasho linamtiririka.

Wivu ukampanda. Joëlle huyu anayecheka kila neno la Alfani! Kadidja akateremka upande wa pili bila kugusa breki, akasimama bondeni, akatoa simu.

"Tonton, ambia wale wazee wasikuye Samedi."

"Mama weh! Kuko nini?"

"Ule mutu iko na mwanamuke mwingine. Anamusukuma ku mulima, mbele ya watu wote!"

Tonton Jafari akaguna. "Bon. Nimesikia."

Simu ikalia papo hapo. Alfani. Akaikata mara tatu, ya nne akapokea.

"Chérie, uko wapi?"

"Uliza chérie wako wa robe nyekundu."

"Kadi, ngojea nikuelezee..."

"Sukuma tu! Usichoke!"

Alfani na madereva wenzake walipomfikia, alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Joëlle, shuka."

"Hawezi," Alfani akasema.

Joëlle akapandisha pindo la gauni. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, kimefungwa kwa shati la Constant. "Tairi ya Constant ilipasuka, tukaanguka. Roue ya baiskeli imepinda kabisa. Weye ulikuwa mbali, dada."

Nyuma yao Constant alikuwa amebeba baiskeli begani. Kadidja alitamani barabara immeze.

"Nimepigia Tonton," akasema kwa sauti ndogo. "Nimemuambia wazee wasikuye."

Alfani aliegemeza toleka, akakaa chini kwenye vumbi. "Miezi munane, Kadi. Na haukuniuliza hata neno moja."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Kadidja zaidi. Akapiga simu tena, akaweka sauti juu, madereva wote wakisikia.

"Tonton, nilikosa. Ule mwanamuke aliumia muguu."

"Na weye, uliumia wapi?"

"Ku roho, Tonton. Namupenda ule mutu vibaya sana."

Madereva wakapiga miluzi. Tonton Jafari akakohoa. "Alors, sijaambia mutu. Nakujua, nilikuwa nangojea simu ya pili. Lakini uliza Alfani kama angali anakutaka."

Kadidja hakuthubutu kuuliza. Alfani akainuka, akajipangusa vumbi, akainamia simu.

"Wazee watakuya, Tonton. Samedi, saa ine."

Kadidja alilia, akacheka, akarekebisha kilemba. Kisha akamtazama Joëlle, akamtazama Alfani, akapiga kiti cha nyuma cha baiskeli yake.

"Joëlle, panda huku kwangu."

"Kadi, mulima ingine iko mbele," Alfani akasema. "Hautaweza."

"Nitaweza. Weye utasukuma."

Basi wakapanda hivyo, wanawake wawili juu ya baiskeli moja, njano mbele, nyekundu nyuma, na Alfani akihema nyuma yao, toleka yake ikiwa mikononi mwa dereva mwenzake. Kadidja alikuwa mwenye furaha kuliko mtu yeyote katika jimbo zima la Tshopo. Hata hivyo, katikati ya kilima akageuza shingo.

"Alfani, mukono yako iko wapi?"

"Iko ku chuma ya baiskeli, chérie."

"Ibakie pale pale."