Ua Kwenye Plasta Mpya

Siku nyingine bibi yake humwita mara tatu kabla hajatoka kitandani, lakini Alhamisi ile Kasuku aliamka mwenyewe. Alioga, akapiga viatu rangi, akanywa chai kwa pupa hadi akaunguza ulimi.

"Leo jua limetokea wapi?" bibi alimtania.

Darasa lao la sita lilikuwa linakwenda bustani ya jiji kuuona mnara wa saa, uliofunguliwa tena baada ya miaka miwili ya ukarabati.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mvulana aliyekaa naye dawati moja, waliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, alikuwa mkimya. Huyo aliwahi kuifungua saa mbovu ya mjomba wake, akaifunga tena, ikatembea. Wiki nzima alikuwa akihesabu siku za kuuona mnara.

Walipanda kwa makundi, maana ngazi zilikuwa nyembamba. Kundi lao lilisubiri chini, kando ya ukuta mweupe uliopigwa plasta ya chokaa juzijuzi. Kasuku alichoka kusubiri. Akaazima bikari ya Profesa, na wenzake walipoinua macho kuitazama saa, akachora ua dogo ukutani. Plasta ilikuwa bado changa. Kipande kikubwa kama kiganja kikabanduka, kikaanguka miguuni pake. Haraka akamrudishia Profesa bikari, akajitenga.

"Nani kafanya hivi?" mlinzi wa bustani alifoka.

Macho yote yakamwangukia Profesa. Alikuwa karibu na ukuta, na ncha ya bikari yake ilikuwa nyeupe kwa chokaa.

"Si mimi," alisema. Akamtazama Kasuku, kisha akainamisha kichwa.

"Nenda ukakae kwenye basi," mwalimu wao alimwambia kwa ukali. "Huko juu hupandi."

Kasuku, msemaji wa darasa zima, akajificha nyuma ya wenzake, akapanda nao ngazi.

Juu mnarani, mtunza saa aliwaonyesha magurudumu ya meno yanavyosukumana. Nyundo ikainuka, kengele ikalia hadi sakafu ikatetemeka. Wenzake wakapiga makofi. Kasuku alikuwa dirishani. Chini aliliona basi, na ndani yake kichwa kimoja tu. Uso ukamwaka moto. Alitamani ardhi impasukie, lakini alikuwa ghorofani, na njia ilikuwa moja tu: kushuka.

"Mwalimu, aliyebandua plasta ni mimi," alisema mbele ya wote walipofika chini.

Mwalimu alimshika bega. "Mimi pia nimemkosea mwenzako, sikumsikiliza. Nitamwomba radhi. Lakini wewe ndiye utakayetangulia kumwambia."

Ndani ya basi, Kasuku hakuthubutu kuketi.

"Nisamehe, Profesa. Mbona hukunitaja?"

"Nilidhani utasema mwenyewe," alijibu.

Maneno hayo yalimchoma kuliko ukali wa mlinzi. Machozi yakamtoka.

Profesa alipandishwa mnarani pamoja na kundi la mwisho. Kasuku alikabidhiwa kwa fundi mwashi, mama mwenye mikono iliyopauka kwa chokaa. Hakumgombeza. Alimpa ndoo na mwiko, akamwonyesha kuulowesha ukuta, kukoroga chokaa na mchanga, kisha kupaka taratibu. Mara mbili plasta ilimdondokea Kasuku viatuni. Mara ya tatu ikashika.

"Ukuta huu tumeupiga plasta kwa mikono, miezi minne," fundi alisema. "Wewe umeuharibu kwa dakika moja, na tumeuziba kwa saa moja. Hilo limekwisha. Ila mwanangu, yule uliyemwacha abebe aibu yako, huyo hazibwi kwa mwiko. Ukikosea, sema papo hapo, kabla kosa lako halijamwangukia mwingine. Na akikusamehe, usije ukamfanyia hivyo tena."

"Sitarudia, fundi," Kasuku alisema. Hakuinua uso. Aliendelea kulainisha plasta, na kutoka juu ilisikika sauti ya Profesa, akimuuliza mtunza saa swali baada ya swali.