Swichi ya Tano

Swichi za mtandao zilikuwa nne, lakini kompyuta ya Famau ilionyesha tano.

Akazihesabu kwa kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nne tu, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye kabati la chuma. Dada yake Rawda ndiye aliyeziunga kwa nyaya fupi za nyuma, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, hadi waya wa mwisho ukarudi kwenye ya kwanza na mzunguko ukafungika, ili zote zisimamiwe kama moja. Rawda hakosei kazi. Aliyekosea ni Famau, na kulisema sioni haya.

Nyumba ile ya mawe hapa Kismayo ilikuwa imefungwa tangu vita vya tisini na moja, na sasa ilikuwa ikigeuzwa zahanati. Mama yao, Mwanapili wa kisiwa cha Ngumi, aliwafundisha kwamba nyumba iliyohamwa hupigwa hodi mara tatu, kisha husubiriwa. Famau alipiga zote tatu kwa pumzi moja, huku akicheka, akaingia. Ili kupitisha nyaya za darini, akatoboa ukuta kwenye kidaka kilichokuwa na chetezo cha kale cha kufukizia ubani. Chetezo akakitupa jalalani.

Adhuhuri chumba kikaanza kunuka ubani, na hakuna aliyefukiza. Feni za swichi zikavuma. Kwenye kompyuta, ile ya tano ikajifanya kiongozi wa wenzake. Famau akampigia mama yake simu. Mama akausikiliza ule mvumo wa feni, kisha akanong'ona.

"Mumemfungia mwenye nyumba ndani, mwanangu. Fungua mzunguko apate ndia ya kutoka. Ila mchu yeyote asishike huo waya kwa mkono mtupu."

Simu ilikuwa bado sikioni pale nyaya ndefu za darini ziliposhuka zenyewe, zikamzonga shingoni Rawda aliyekuwa kando ya Famau, zikamnyanyua na kumbamiza kwenye kabati, mara ya kwanza meno yakamtoka, mara ya pili bega likavunjika kwa mlio ambao Famau aliusikia waziwazi juu ya kelele za feni, na Rawda katika kutapatapa akaukamata waya wa mwisho, akaung'ang'ania.

"Uachie, dada," Famau akamsihi. "Nakuomba, uachie."

Hakuweza. Famau aliuona mkono wake juu ya waya, na aliiona midomo yake ikigeuka rangi. Akauchomoa waya kwa koleo.

Feni zikanyamaza. Rawda akaanguka, akavuta pumzi. Kompyuta ikaonyesha nne, na Famau akalia kwa furaha.

Hospitalini, muuguzi Zaituni alimshika Rawda kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akakunja uso. Akahesabu upya. Kisha akamuuliza Famau kwa sauti ya chini kama dada yake alizaliwa hivyo, kwani mapigo anayoyasikia ni ya mioyo miwili.

Rawda alifumbua macho, akageuza mkono, akamshika Zaituni kwa utulivu, akaminya mpaka mfupa ukavunjika.