Keki Nje ya Msimu

Ijumaa ile ya Kwaresima, siku ya kuacha nyama, foleni ya duka la samaki ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikapita kwa kinyozi, ikakunja kona. New Orleans nzima ilitaka samaki wa kukaanga saa ileile, na mvua nayo ikaona hiyo ndiyo saa yake. Odalie Honoré alifungua mwavuli wake bila kuangalia nyuma.

"Bibie wa gauni la manjano," sauti ikasema, "mwavuli wako unakukinga wewe na kuninywesha mimi."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe limemganda kifuani, vumbi la chokaa kwenye nyusi, maji yanamtiririkia ndani ya kola.

"Si usogee nyuma?"

"Nikisogea nitapoteza nafasi."

"Samaki wapo wa kutosha."

"Nani anazungumzia samaki?"

Odalie alijitahidi kununa, akashindwa. Akainua mwavuli, akamkaribisha. Yule bwana akaingia, akashukuru, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi.

"Unaumwa?"

"Vumbi tu. Mimi ni fundi wa lipu, natengeneza kuta za nyumba za kale. Naitwa Anatole."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili walikuwa na vyote viwili. Haukupita muda mtaa mzima ukajua ni kwa nini fundi lipu hukaa jioni barazani kwa Bi Vernell Honoré, mama mjane mwenye binti mmoja. Walikaa pale hewa ikiwa nzito kama taulo la moto, vyura wanaimba mferejini, yasmini inanukia mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Odalie alishona magauni ya Kanivali, sherehe inayotangulia Kwaresima, mapajani mwake, na kila shanga aliyoipachika Anatole aliisifia.

"Nywele zako zimevimba tena," Anatole alimtania.

"Ni unyevu. Zinakunywa hewa."

"Ziache zinywe. Nazipenda zikishiba."

Usingizi ungewakuta palepale barazani kama Bi Vernell asingegonga dirisha.

Ikaja Januari, msimu wa keki ya wafalme, unaoishia siku ya Kanivali. Jumapili ya kwanza ndugu na majirani walijaa kwa Bi Vernell, keki ya duara katikati ya meza, sukari yake ya zambarau, kijani na dhahabu. Ndani yake hufichwa kichanga cha plastiki, na atakayekikuta kwenye kipande chake ndiye ataleta keki ya Jumapili inayofuata. Anatole akang'ata, akasita, akatoa kichanga mdomoni.

"Umenaswa!" wakapiga makofi. "Keki ijayo ni juu yako!"

Akakifuta, akakitia mfuko wa shati.

Siku chache baadaye alikuja mlangoni na begi.

"Nimepata kazi Tucson. Huko Arizona, jangwani."

"Kwa muda gani?"

Anatole akatazama viatu vyake. "Sijui, laazizi."

"Na mimi?"

Odalie alikuwa anasubiri neno moja tu, *twende*. Angelifuata pekupeku. Anatole alifungua mdomo, akakohoa, akaufunga.

"Wewe una mama yako," alisema.

Jumapili wageni walikaa na kahawa zao mpaka zikapoa. Keki haikuja. Shangazi mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, kuwa mwanamume anayekimbia keki atakimbia na ndoa. Bi Vernell alikusanya vikombe. Odalie alikwenda chumbani, akakata uzi kwa meno na kulia.

Hata hivyo simu zilikuja, na mwanzoni alipokea.

"Hapa nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika," Anatole alisema. "Midomo imepasuka yote."

"Hakuna wa kuipaka mafuta?"

"Wa kuipaka yuko huko kwenu. Sikia kituko. Juu ya paa kuna mashine ya kupoza nyumba, inapuliza upepo kupitia maji. Nikafunga madirisha yote kama tulivyozoea. Kuta zikatoka jasho! Kumbe lazima uache dirisha wazi, unyevu upate njia. Jirani amenicheka mpaka akakaa chini."

Odalie alicheka, kisha akakumbuka amekasirika. "Unarudi lini?"

"Kazi bado ni nyingi."

"Anatole, niambie basi nije."

Alikohoa, ingawa kidogo kuliko zamani.

"Siwezi kukuomba hilo."

"Basi usinipigie."

Baada ya Pasaka simu ililia, akaiacha ilie. Alishona mchana kutwa. Mwezi Juni Bi Vernell aliinua gauni la mteja mezani, akakuta mkono umeshonwa ndani nje na kitambaa kina madoa ya machozi. Akavuta kiti.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," alisema.

"Nani, Mama?"

"Fundi wako. Ukungu wa zile kuta umemwingia kifuani. Daktari alimwambia ahamie penye hewa kavu la sivyo atakufa. Alikuja kwangu kwanza, akaomba akuoe aende nawe. Nikamwambia, mume nimemzika, wanangu wa kiume gharika iliwapeleka Texas na hawakurudi, na wewe unataka kunichukulia huyu? Nikamwapisha asikuombe umfuate."

"Mama!"

"Piga kelele, ni haki yako." Bi Vernell alikunja lile gauni polepole. "Lakini keki ni juu yake, na ahadi ni deni. Nenda ukadai."

Tucson ilimpokea Odalie kwa mwanga mweupe na hewa iliyomnyang'anya jasho kabla halijatoka. Milima ilisimama mbali, ya samawati, kana kwamba mtu amelala na kuiota. Nywele zake zililala chini, nyepesi, akazigusa kama si zake. Ilikuwa Jumapili ya sherehe ya Mtakatifu Yohana, siku ya watu wa huko kuombea mvua, na nje ya nyumba yenye anwani aliyokuwa nayo, mama mmoja alikuwa anarudi kutoka kwenye maandamano, taji la maua kichwani.

"Unamtafuta fundi wa New Orleans, mtu wa kinamasi?" mama yule akauliza. "Mimi Consuelo, jirani yake. Mwambie afungue madirisha! Siku nyingine zote anasikia, Jumapili hasikii."

Odalie alisukuma mlango. Hewa nzito, ya uvuguvugu, ikamkumbatia. Alifumba macho, akawa barazani kwao. Kulinukia hamira na mdalasini. Anatole alikuwa amesimama jikoni, unga kwenye nyusi, kifua kimejaa, uso una afya ambayo Odalie hakuwahi kuiona.

"Odalie?"

"Nimekuja kudai keki."

Mwiko ukamtoka mkononi. "Naoka kila Jumapili. Unga wa huku unakauka kama lipu, unapasuka. Nikifunga madirisha unaumuka." Akameza mate. "Na nyumba inanukia kama kwenu. Kifua kinanisamehe siku moja kwa wiki."

"Na ulitaka kuileta lini?"

"Itakapofaa kuliwa. Hii ndiyo ya kwanza."

Ilikuwa mezani, imepinda upande mmoja, sukari ya zambarau imemwagika hadi kwenye kitambaa.

"Kula keki hii nje ya msimu ni kuita mvua siku ya Kanivali," Odalie alisema.

"Jirani yangu atashukuru mvua yoyote."

Akamkatia kipande, akageuza sahani kwa uangalifu mno. Odalie aling'ata, jino likagonga plastiki. Kilikuwa kichanga kilekile cha Januari.

"Umenichagulia kipande!"

"Nimekuchagulia."

"Mama ameniambia yote, Anatole. Kiapo chako amekivunja yeye mwenyewe. Sasa sema lile neno ulilolimeza mlangoni."

Safari hii hakukohoa. "Baki. Baki nami huku, uwe mke wangu."

Odalie alikikunja kichanga kiganjani. Alimfikiria mama yake, peke yake na kahawa, ikamuuma kwelikweli. Alichukua simu.

"Amelipa?" Bi Vernell akauliza.

"Amelipa, Mama. Sasa anayedaiwa keki ni mimi. Nitaioka Januari, hapahapa Tucson." Alitazama madirisha. "Ameyafunga nyumba inukie kama kwetu."

Upande wa pili akasikika mtu anapenga kamasi.

"Na kile kifua?" Bi Vernell alisema. "Mwambie mumeo afungue dirisha. Januari nitakuja kula, na kahawa naleta yangu."

Odalie akalifungua mwenyewe. Nje, juu ya vumbi, matone makubwa yalikuwa yameanza kuanguka, na Bi Consuelo alikuwa anacheka barabarani, maua yake yanalowa.