Nilisema Miezi Sita Tu, Mutoto Wangu Hakurudi

Nina miaka ishirini na tisa, niko muke wa ndoa, ninauza tomate na mboga za lengalenga sokoni hapa Bukavu. Nyumbani kwetu kuna mutoto mumoja, musichana wa miaka mine. Watu wakiniuliza nimezaa wangapi, ninajibu: wawili. Halafu wanaanza kumutafuta yule wa pili kwa macho... na mimi ninageuza mazungumzo.

Jina langu ni Nsimire. Pengine kuna mama mwenye mimba anayesoma hapa, ambaye anapiga hesabu ya mutoto na bwana yake, kama sisi tulivyopiga. Huyo ndiye ninayemuandikia.

Bwana yangu anaitwa Murhula. Ni soudeur, anatengeneza milango ya chuma na grilles za madirisha hapa mutaani kwetu Cimpunda. Si mulevi. Hajanipiga hata siku moja. Ninasema hivyo mapema, maana mutadhani ninawaletea habari za bwana mubaya. Ingekuwa hivyo, ningejua namna ya kumuchukia!

Tulikaa miaka miwili bila mutoto, na maneno ya watu yalikuwa yameanza. Mimba ilipoingia tulifurahi sana. Siku ya Mungu, tukitoka misa, tulikuwa tunaketi mbele ya nyumba na kuhesabu. Sabuni. Makala ya kuchemusha maji. Mafuta ya kumupaka. Unga wa uji wangu na samaki kidogo ili maziwa itoke. Pesa ya kumupimisha kila mwezi. Tukaona dola makumi tatu kwa mwezi itatosha, tukaanza kuweka pembeni ili miezi ya kwanza isitukute na mikono mitupu. Murhula alikuwa anacheka, anasema mutoto huyu atakula kuliko baba yake.

Kwenye maternité wakaniambia nifanye échographie. Murhula akasema ile pesa ni sabuni ya miezi mingi, mimba inacheza vizuri, na mama zetu walizaa bila kupigwa picha ndani ya tumbo. Nikaona ana haki. Nani angeona mbele?

Siku ya kuzaa, mutoto akatoka, musichana, akalia kwa nguvu. Nikashukuru Mungu, nikafunga macho. Basi mama mukunga akaweka mukono juu ya tumbo langu, akasema:

"Maman, usilale. Mwingine anakuja."

Mwingine!

Tulikuwa tumehesabu mutoto mumoja. Mungu alituletea mapasa. Wa kwanza tulimuita Aksanti, wa pili Ansima. Ansima alikuwa mudogo sana, vidole vyake kama njiti, lakini alikuwa na macho makubwa yaliyokufuata kila ulipoenda.

Watu wa familia wakashuka kutoka Nyantende, kijiji cha bwana yangu, wakiimba na kucheza. Mapasa ni baraka! Na baraka haipokelewi na maji matupu. Wakataka kinywaji, wakataka nyama, wakaketi siku baada ya siku. Murhula angewafukuza namna gani? Wazazi wake, wajomba zake... Walipopanda kurudi kwao, pesa ya miezi yote ya watoto ilikuwa imekwisha kuliwa na watu wazima.

Nami maziwa yangu haikutosha. Nilikunywa uji, nilikula kila kitu walichoniambia nile, lakini nikinyonyesha mumoja, mwingine anabaki anavuta ngozi. Infirmière, muuguzi wa pale maternité, akasema tuongeze maziwa ya boîte, ile ya kopo. Je, munajua boîte moja inakaa muda gani kwa watoto wawili? Unafungua, unageuka, unakuta unakwangua chini kwa kijiko!

Kisha transfo, ile inayoleta umeme mutaani kwetu, ikaungua. Soudeur bila courant ni nini? Murhula alikuwa anaenda kila asubuhi kwenye kibanda chake cha kazi, anaketi juu ya vyuma vyake, anarudi. Wateja wakahamia kwingine. Mimi nikarudi sokoni na watoto wawili, mumoja mugongoni, mwingine kwenye kikapu katikati ya tomate.

Ansima akaanza kupungua. Kila tulipomupima, uzito ulikuwa umeshuka. Siku moja infirmière aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini: "Maman, huyu mukiendelea hivi, hatamaliza musimu wa mvua." Nilitoka pale nikitembea kama mutu ambaye amepigwa kichwani.

Hapo ndipo Noëlla alikuja.

Noëlla ni dada mukubwa wa Murhula, mulamu wangu. Anakaa Kalehe, mbali kwenye ukingo wa ziwa, anafanya biashara ya vitambaa na samaki, ana nyumba ya mabati na ya matofali. Ameolewa miaka mingi, hajawahi kupata mimba. Alikuja na boti, akaleta ndizi, samaki ndogo kavu za sambaza, na boîte za maziwa, nyingi, ambazo alizipanga juu ya meza yetu. Nililia kwa furaha. Nilimushika mikono nikaibusu!

Alimubeba Ansima siku nzima. Jioni, mbele ya chakula, akasema:

"Mulamu, munipatie huyu mudogo. Miezi sita tu. Nitamulisha mpaka apate nguvu. Kwangu maziwa iko, mutoto wa kazi iko, hakuna kitu atakosa."

Nilikataa. Nikasema mapasa haiachanishwi. Noëlla hakukasirika, alisema tu: "Sawa, mufikiri." Lakini kesho yake mama mukwe alipiga simu. Halafu Murhula akapiga magoti mbele yangu. Bwana yangu, akapiga magoti!

"Maman Aksanti, unataka tumuzike huyu mutoto? Miezi sita ni nini? Mimi mwenyewe nitaenda kumuchukua."

Nifanye nini? Muniambie ninyi munaosoma... ningefanya nini? Mutoto alikuwa anakauka mbele ya macho yangu na maziwa ilikuwa Kalehe.

Nikasema: sawa, miezi sita tu, si ni ndugu. Nilimufunga Ansima mugongoni mwa Noëlla mimi mwenyewe, pale bandarini, kwa kikwembe changu. Hakulia. Aliniangalia tu na yale macho, mpaka boti ikageuka. Tulipokuwa tunapanda kurudi, nikasikia kifua kimelowa. Maziwa ilikuwa inatoka, inapita blouse, inashuka mpaka tumboni... Ile maziwa ambayo ilikuwa inakataa kutoka! Nilikaa chini pembeni ya njia, Murhula akasimama kando yangu, hakujua aangalie wapi.

Hata mwezi mumoja haukupita, Murhula akaleta nyumbani groupe, ile mashine ya kutoa courant. Ilikuwa mupya. Akasema ni muteja mumoja amemupatia kwa deni. Nilipiga vigelegele! Kazi ikarudi. Milango ikaanza kutoka, pesa ikaanza kuingia. Tukaketi tena mbele ya nyumba, tukahesabu tena, safari hii watoto wawili: makala, sabuni, unga, boîte. Tukaona tunaweza. Nikanunua nguo mbili za rangi moja.

Miezi sita ikafika. Murhula akasema mvua ni nyingi, ziwa ina mawimbi. Tukangoja. Halafu akasema kuna kazi ya haraka ya mupadri mumoja. Halafu akasema barabara si salama. Nilikuwa ninapiga simu kwa Noëlla, ninaomba anisikilizishe sauti ya mutoto. Mara mutoto analala, mara mutoto amepelekwa kutembea, mara batri inaisha. Moyo wa mama unajua, ndugu zangu. Unajua lakini unakataa kujua.

Nikaacha Aksanti kwa jirani, nikapanda boti pekee yangu.

Nilimukuta Ansima mbele ya nyumba, anatambaa. Amenona! Mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Nilimunyakua, nikamubana kifuani... akapiga kelele kama mutu amechomwa moto. Akanyoosha mikono kwa Noëlla. Alipofika kwake, akanyamaza mara moja.

Noëlla alinikaribisha vizuri. Alinipa maji, akapika samaki. Kisha nikamuambia nimekuja kumuchukua mutoto, na ninamushukuru, na Mungu atamulipa. Akaweka sahani chini.

"Nsimire, Murhula hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Ile groupe, nani alinunua? Ulifikiri ilitoka mbinguni? Mimi na ndugu yangu tulipatana. Mutoto ni wangu. Amebatizwa hapa, anaitwa Merveille, na mama yake ni mimi."

Nilimurukia mutoto, nikamuvuta. Noëlla akamushika upande mwingine, mutoto akawa katikati anapasuka kwa kulia... na ndipo nikamuachilia. Ni mimi niliyemuachilia. Singeweza kumupasua. Majirani wakajaa kwenye kiwanja. Muzee mumoja, chef wa mutaa, akaniambia kwa upole: "Maman, haya ni maneno ya ndani ya familia. Rudi, ulete bwana yako."

Murhula hakubisha. Nilipoingia nyumbani na Aksanti mugongoni, aliona uso wangu, akazima mashine, akaketi chini.

"Nilifikiri atakufa," akasema. "Na nilifikiri Aksanti naye atafuata. Dada alisema atanisaidia kama nitamuachilia kabisa. Nilifikiri tutazaa wengine, utasahau."

Utasahau! Nani alimufundisha kwamba mama anasahau?

Nikamuambia arudishe ile mashine. Akauliza: tutakula nini? Mutoto mugongoni mwangu alikuwa na njaa, na Murhula mwenyewe alikuwa analia. Sikuwahi kumuona bwana yangu analia.

Nilipanda Nyantende kwa wakwe. Wazee walinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha baba mukwe akasema: "Mutoto hajapotea. Iko kwa shangazi yake, ndani ya ukoo wake. Wewe unalia nini?" Nikaenda kwa kaka zangu. Wakasema ng'ombe za mahari walizikula zamani, hawana mudomo wa kuongea mbele ya ule ukoo. Nikaenda kwa avocat, wakili. Alikuwa mutu muzuri, akasema nina haki, haki kabisa! Nikauza tomate, nikamulipa kidogo kidogo, faili ikafunguliwa. Kisha vita ikafika mujini. Majuge wakakimbia, tribunal, ile nyumba ya hukumu, ikafungwa, na yule avocat namba yake haipiti tena. Haki yangu imefungiwa ndani ya nyumba ambayo haina mutu.

Mutaniuliza: bado unakaa na Murhula? Ndiyo. Ninakaa naye. Aksanti anahitaji baba, na unga anaokula unatoka kwenye ile mashine. Inapoanza kunguruma asubuhi ninaenda sokoni haraka. Nimeshindwa kumusamehe, nimeshindwa kumuacha. Na wale wengine aliosema tutazaa, hawajakuja.

Mwaka huu baba mukwe alikufa. Kwenye kilio, pale Nyantende, nikamuona Noëlla akiingia anamushika mutoto kwa mukono. Gauni nyeupe, viatu vya kung'aa, nywele zimesukwa vizuri kuliko za Aksanti. Wanawake wote wakageuka kuniangalia mimi.

Watoto hawangojei wakubwa. Aksanti alimukaribia, wakasimama uso kwa uso, wakaangaliana muda murefu. Mutoto mumoja wa kijiji akapiga kelele: "Mapasa!" Wao wakacheka, wakakimbia pamoja nyuma ya nyumba, wameshikana mikono kama watu ambao hawajaachana hata siku moja.

Nilifuata. Nilichutama mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, miaka yote ile nilikuwa ninayaandaa, lakini hakuna hata moja lililotoka. Nilimugusa shavu tu. Machozi yakaanguka. Akaniangalia na yale macho makubwa, hakuogopa. Kisha akageuza kichwa, akaita:

"Maman! Njo uone, huyu tantine analia!"

Kwake mimi ni tantine, shangazi tu. Noëlla akaja, akamuchukua. Alinipatia kitambaa nipanguse uso. Hakuwa mubaya. Ni hilo linaloniua zaidi... mutoto anapendwa. Kama angekuwa anateswa, ningekuwa na nguvu ya kupigana.

Aksanti sasa ananiuliza kila siku mwenzake atarudi lini. Nimujibu nini?

Mama zangu, dada zangu, munaopiga hesabu ya mutoto: musihesabu sabuni na maziwa peke yake. Muulize ndani ya tumbo kuna wangapi, hata kama ile pesa inauma. Wageni wakija kushangilia, wapeni chai, wacheni wanung'unike. Na kama umasikini umewabana mpaka mutu anataka kuwasaidia kulea, iteni watu wa pande zote mbili, museme wazi mbele yao: huyu mutoto anaenda lini, anarudi lini, na anabaki mutoto wa nani. Musiseme ni ndugu, haina haja. Mimi nilisema hivyo.

Na ninyi mababa... njaa ikiwashinda, semeni. Lieni mbele ya wake zenu. Tungeshindwa pamoja, pengine nisingekuwa peke yangu leo.

Hakuna tena mulango wa kubisha. Ninaomba jambo moja tu kwa atakayesoma haya. Ikiwa siku moja mutakutana na musichana wa Kalehe anayeitwa Merveille, mwenye macho makubwa, na ameambiwa kwamba alibadilishwa kwa mashine... mumuambie hapana. Mumuambie mama yake alimutuma kwenda kuishi.