Vyote vya Mashine Moja

Ile kompyuta ilikuwa ya moto kabla haijachomekwa. Hapo tu, jamani, mtu mwingine angetoka mbio na kiatu kimoja! Lakini mpiga chapa wetu aliweka kiganja juu ya boksi akasema, "Jua la njiani hilo," akachomeka waya.

Mtamlaumu? Alikuwa mjane mbichi. Tangu azike mume hakulia wala hakununa. Ukimpa chai anakunywa, usipompa anakaa. Kilichombakia ni vidole. Anaandika barua za watu na kazi za wanafunzi, vidole vinaporomoka kama mvua juu ya bati. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, dada yake, yule ambaye akicheka mtaa wa pili wanageuka, alimwambia, "Nenda duka la vitu vipya, mdogo wangu, upewe na waranti. Usiende kwa wale wa vitu vilivyofunguliwa kwenye mashine kuukuu."

Akaenda huko huko, kwa Fundi Miwani.

Fundi akamchagulia: prosesa trei hii, memori trei ile, diski kutoka kabatini. Mjane akatikisa kichwa.

"Vikitoka mashine mbalimbali vitagombana. Nataka vyote vya mashine moja."

Akaona vipande fulani vina alama nyekundu za kufanana. Akavichambua mwenyewe, na kuviunga akaviunga mwenyewe, marehemu alikuwa amemfundisha.

"Mama," fundi akasema, " hivyo nilivitenganisha makusudi."

"Basi mimi nimevikutanisha."

Fundi naye biashara ilikuwa imelala. Akapokea pesa! Mwanamume mzima!

Nyumbani feni ya mashine ikawa inavuma, inavuta pumzi, na mjane akiacha kuandika nayo inatulia, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kazi ikaenda vizuri kuliko zamani, haraka, bila kosa, ila vidole vyake havikuwa vinahisi kugusa kitu, vilikuwa vinaenda tu.

Dada yake akamkuta amekumbatia sufuria iliyotoka jikoni, ngozi ya viganja imevimba malengelenge.

"Weka chini! Unaungua!"

"Naungua?" akauliza, kama anayeulizwa habari za jirani.

Siku hiyo dada hakucheka. Alimburuta Fundi Miwani mchana kweupe, akimshika shati, na fundi akaanza kusema kabla hajafika mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mwenye mashine ile wa kwanza alikutwa amekaa mbele yake macho wazi, hajui njaa, hajui maumivu, hajui mtu, na kwamba humo ndani mna jini, na yeye alimgawa kipande huku na kipande kule ili kila mteja achukue kidogo kisichodhuru, maana akiwa vipande hana nguvu, ila akiungwa, shemeji, akiungwa na mkono wa mtu, basi ni mkono huo huo tu wa kumfungua.

"Mikono yenyewe si ndiyo hiyo imekufa ganzi!" dada akanong'ona.

Wakachomoa waya. Feni haikusimama. Wakafungua boksi, mjane akaingiza mikono.

"Nimeshika?"

"Umeshika diski. Vuta," fundi akamwambia.

Ikatoka. Fundi akaitia mfukoni mwake. Memori ikatoka; dada akaibana kwapani. Feni ikapanda sauti mpaka vikombe vikatetema, ile harufu ikawakaba koo, na dada akawa anapiga kelele, "Prosesa, mdogo wangu, hapo kati, nyanyua kile kichuma, shika, vuta, vuta kwa nguvu zako zote!"

Mjane akavuta. Kitu kikaachia, ta! Akakitoa, akakifungulia kiganja mwangani.

Ulikuwa ukucha mzima, na nyama yake.

Dada akaanguka chini. Fundi akakimbia. Ndani ya boksi feni ikatulia, ikasikiliza.

Mjane akaugeuza ule ukucha, damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Dada," akauliza taratibu, "wa nani huu?"