Chumvi Imezidi

Mchuzi ulikuwa wa samaki na nazi, Lina ameuonja jikoni ukamridhisha, kwa hiyo mumewe Yasir aliposukuma sahani na kusema chumvi imezidi, alidhani anataniwa.

"Imezidi wapi, baba Suad?"

"Imezidi. Inaniunguza ulimi."

Lina akachovya kidole kwenye sahani ya mumewe, akaonja. Mchuzi wa kawaida. Suad, binti yao wa miaka minne, alikuwa anakomba bakuli, na mtoto yule ni mchaguzi wa chakula hajapata kuonekana, chumvi ingezidi hata chembe angeitema mezani. Lakini mume ametoka kazini, amechoka, na baridi ya Juni inapenya kwenye fleti zao za Merrylands, huko ughaibuni, kama madirisha hayapo, nani ana nguvu za kugombana juu ya chumvi. Akamkaangia mayai. Yasir akayatazama, akauliza yametiwa chumvi, akajibiwa kidogo, akaenda kulala na njaa.

Kesho yake Lina akapunguza. Yasir akasema bado. Akapunguza tena, naye akasema bado, mpaka siku moja kwa hasira akapika wali na maharage bila chumvi kabisa, chakula ambacho yeye mwenyewe kilimshinda kumeza, na Yasir akakila chote. Akala ameinama, uso karibu uguse sahani, akalamba mpaka mwiko, kisha akasema taratibu, "Leo ndiyo umepika."

Hapo mwili ukamsisimka Lina. Kwa sababu yeye amekulia Tanga kwa shangazi yake, na shangazi alikuwa na wageni wake wa kichwani, pepo, na siku za wageni hao kulikuwa na sahani moja inayopikwa mbali na nyingine na kuwekwa kwenye chano pembeni, na watoto wakiambiwa msiguse, hiyo si yenu, hiyo haina chumvi. Hao hawali chumvi.

Akamweleza Nsimire, jirani wa mlango wa pili, Mkongomani anayetunza wazee huko Westmead. Nsimire alikuwa anaanika nguo kwenye baraza.

"Mama Suad, hiyo ni tension, presha," akasema. "Kule kazini wazee wote docteur anawakatazaka chumvi. Bwana yako aende apime."

"Na kunywa maji ya bomba mpaka tumbo linasikika?"

"Sukari."

"Na harufu? Ananuka, dada. Ananuka kama matofali mabichi, kama shimo lililofunikwa miaka."

"Harufu ni mwanaume tu," Nsimire akasema, akacheka, na Lina akacheka naye maana kicheko kilikuwa kizuri na jua lilikuwa limewaka. Akarudi ndani akalia jikoni.

Yasir alikuwa anaendesha kijiko, mashine ya kuchimbia, kwenye eneo la ujenzi kule Lidcombe. Manispaa ilikuwa inajenga ghala la chumvi, chumvi ya kumwagwa kwenye barabara za milimani wakati wa baridi zisigande na kuteleza. Alipopata kazi ile walicheka sana, watu wa pwani wameivuka bahari nzima kuja kuzoa chumvi. Sasa alikuwa anarudi na buti zake zimelowa wakati mvua haijanyesha, anapita bila salamu, anakwenda moja kwa moja kwa mtoto.

"Daddy keeps counting me," Suad akasema siku moja wanavaa soksi.

"Anakuhesabu? Anakuhesabu vipi, mama?"

Mtoto akajishika kichwa, bega, tumbo. "Like this. But he only says one." Kisha, kwa sauti ndogo aliyoitoa mbali, sauti ya mtu aliyekabwa, akasema kwa Kiswahili ambacho kwa kawaida hakisemi, "Mmoja. Mmoja tu."

Magharibi ya siku hiyo Lina akasimama nyuma ya mlango wa chumba, akachungulia. Yasir amepiga magoti mbele ya binti yake, anampapasa vidole kimoja kimoja na machozi yanamtoka, na machozi yale yakidondoka kwenye zulia yanatoa sauti, kama maji yanayoangukia mbali sana chini. Lina akasoma Ayatul Kursi kwa midomo tu. Yasir akageuza shingo bila kugeuza mabega, akatabasamu.

Basi Lina akaamua. Alichokikumbuka kwa shangazi ni hiki, kwamba pepo hapiti juu ya chumvi. Ukimwaga kizingitini haingii. Na yeye akilini mwake alilipanga hivi, kwamba kile kitu kinatoka kule ghalani kimempanda mumewe mgongoni, kwa hiyo akimwaga chumvi kabla mume hajarudi kutoka kazini, mume atavuka peke yake na mzigo utabaki nje. Pakiti ya dukani ingetosha kizingiti kimoja, yeye alitaka nyumba nzima. Alikuwa amemwambia Yasir amletee ndoo. Akasema amesahau. Akamwambia tena. Amesahau. Anashinda kwenye mlima wa chumvi, na amesahau. Ndipo akampigia Mutua, Mkenya anayefanya naye kazi, amletee yeye.

Alipotoka sokoni mchana akiwa amembeba Suad mgongoni, Mutua alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya rangi imejaa chumvi ya kijivu, mawe mawe.

"Shemeji, hodi. Buda yuko? Leo hakutokea job, na simu ni mteja, haishiki."

"Hakufika kazini?" Lina akauliza. "Katoka asubuhi na buti zake."

Mutua akaitazama ngazi, juu, chini. "Shem, watu husema sisi Wakamba ndio tunajua haya mambo. Mimi nakwambia ile kitu iliniogopesha."

"Kitu gani?"

"Hakukwambia?" Akashusha sauti. "Tulikuwa tunasawazisha mahali pa sakafu. Kijiko yake ikatoboa kisima, kisima ya matofali, ya kitambo. Cheryl, yule msimamizi, akasema jaza, zege inakuja. Hapo kando kulikuwa na chumvi imenyeshewa, haina kazi, Yasir akazoa hiyo akamwaga. Ikaanza kulia huko ndani."

"Nini kikalia?"

"Watoto. Cheryl akasema ni paka. Nikamwambia, buda, wacha hii. Akacheka, akamwaga tena. Wakalia mpaka nikaziba masikio, halafu wakanyamaza. Mmoja mmoja, shem. Kama watatu hivi."

Lina hakumngoja amalize kuaga. Aliingia, akafunga mlango, akamweka Suad kwenye kochi na katuni, akaanza. Alimwaga kizingitini, akamwaga chini ya dirisha la sebule, la jikoni, mlango wa baraza, akafuata kuta kwa magoti, chumvi ile ikimkwaruza mikono, akisoma kila alichokijua, akimwambia Mungu atamwongezea rakaa, asimpotezee mumewe, mtoto zaidi, mtoto kwanza, Mungu anajua. Jua la baridi lilikuwa limeshaanza kwenda. Alipomaliza hakukuwa na upenyo wa hata sisimizi, akakaa sakafuni akavuta pumzi, na nyumba ikawa kimya, na katika kimya kile akasikia maji yanatingishika bafuni.

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa tangu walipotoka sokoni, na hakuna aliyeufungua.

"Suad," akasema kwa kunong'ona. "Nenda chumbani. Usiulize. Nenda."

Mtoto akaenda. Lina akazoa konzi mbili akamwaga kwenye mlango wa chumba, akageuka, na Yasir alikuwa amesimama kwenye ukumbi, nguo za kazi zimelowa, maji meusi yanamtiririka, harufu ya shimo imejaa nyumba. Alikuwa amerudi wao wakiwa sokoni, akalala humo kwenye beseni. Lina hakumwacha nje. Amemfungia ndani, pamoja nao.

Yasir akatembea mpaka mlango wa nje. Akainua mguu juu ya chumvi. Mguu ukabaki hewani, ukatetemeka, na soli ya buti ikatoa moshi.

"Mama Suad," akasema, na haikuwa sauti ya Yasir, ilikuwa sauti ya mwanamke mkubwa, laini, ya adabu. "Ondoa."

"Toka kwenye mume wangu."

"Nilikuwa natoka. Nilikuwa naondoka naye leo hii, mimi na huyu mdogo, mbona usingetuona. Umenizibia mwenyewe." Akauangalia mlango wa chumba. "Wangu walikuwa watatu. Mumeo alikuwa anacheka akiwamwagia. Mimi sina tamaa, nataka mmoja. Mmoja tu."

Lina akasema hapana, na kabla neno halijamtoka mdomoni alikuwa amenyanyuliwa, akapigizwa kwenye ukuta wa bodi mpaka ukuta ukaingia ndani na bega lake likabaki humo, akavutwa nywele akatolewa, akapigizwa tena, akasikia mfupa wa mkono unalia kama kuni kavu na hakusikia maumivu, alisikia tu mtoto kule ndani anaita Mummy, Mummy, na yule mwenye mwili wa mumewe akamwacha akaurukia mlango wa chumba, akaupiga kwa kichwa, kwa kichwa hicho hicho ambacho Lina alikuwa anakifuta jasho siku za homa, akaupiga mpaka paji likapasuka na damu ikamjaa macho, mbao zikapasuka, mkono wake ukapenya kwenye tundu ukawa unapapasa hewa, unahesabu, mmoja, mmoja, huku miguu inaungua kwenye chumvi na nyama inanuka, na Lina akajiburuta kwa mkono mmoja mpaka kwenye ndoo, akajaza konzi, akamparamia mgongoni kama mtoto anavyobebwa, akamsukumia chumvi ile kinywani yote, mawe yote, akazamisha vidole mpaka kooni, meno yakafunga juu ya vidole vyake na yeye hakuvitoa, akasukuma, akasukuma, anapiga kelele Bismillahi, Bismillahi, ngozi ya midomo ya mumewe inabanduka kama maziwa yaliyochemka, mpaka kikatoka. Kilitoka kama pumzi. Pumzi ya moto, yenye matofali na uozo, ilimpiga usoni akiwa ameachama, ikamjaa kooni, akapaliwa, akakohoa, na kioo cha dirisha la sebule kikapasuka chote.

Yasir akaanguka. Akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Kimetoka dirishani," Lina akasema, hata hakujua anamwambia nani. Chumvi ya chini ya dirisha ilikuwa imenyooka, haijaguswa.

Nsimire ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Wabebaji waliingia wakaivuruga chumvi yote kwa viatu vyao, wakamtoa Lina kwa machela. Huko hospitalini alisema ameteleza bafuni, na muuguzi akamtazama, akamtazama Yasir mwenye midomo ya malengelenge na kichwa cha nyuzi, akamuuliza mara tatu akiwa peke yake kama anaogopa kurudi nyumbani. Lina akasema haogopi. Ilikuwa kweli, na yeye mwenyewe ikamshangaza.

Yasir hakukumbuka chochote tangu siku ya kisima. Aliacha ile kazi. Akamleta Ustadh Zubeir kutoka Auburn, mtu mpole, anasoma kila kona, anagonga kuta, na mwisho akasema nyumba hii haina kitu, nyumba ni safi. Kwa tahadhari, siku Lina aliporudi, wakiwa wameshamkalisha kwenye kochi na mkono wake kwenye plasta, ustadh akamwambia Yasir atandaze chumvi mpya kizingitini, nyeupe, ya dukani. Akamwekea Suad chembe ulimini. Suad akailamba, akaomba tena. Akamwekea Yasir. Yasir akameza, macho yakamtoka machozi kwa vidonda, akasema Alhamdulillah. Wote wakacheka. Lina naye alicheka, pale kwenye kochi. Yeye hakuna aliyemkumbuka, mgonjwa ni mgonjwa, na dawa za maumivu zilikuwa zimemkata hamu, siku hizo alikuwa anakunywa maji tu. Maji yalikuwa matamu ajabu.

Hamu iliporudi, ilirudi kwa njaa. Nsimire akaleta sombe, kisamvu cha kwao, ameipika na samaki mkavu, sufuria imefungwa kwa kitenge, na wakakaa wote mezani jioni, jua linakwenda, heta imewashwa, Suad kwenye paja la mama yake. Lina akatia kijiko mdomoni. Akatema.

"Dada, umemwaga pakiti nzima humu?"

Nsimire akakunja uso. Akaonja. "Mama Suad, mimi nilisahau kutia. Nilikuwa naenda kuomba chumvi."

Yasir alikuwa ameshika kijiko hewani, na midomo yake yenye makovu ikaanza kucheza.

"Daddy used to say that," Suad akasema.

Yasir akainuka taratibu sana, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. "Suad, njoo kwa baba." Akamnyanyua mtoto kwenye paja la mkewe, akamshika Nsimire mkono, hakugeuka, akafungua mlango, akavuka. Nsimire akavuka, midomo inasali kwa Kifaransa.

Lina akainuka awafuate. Alitaka kumwambia baba Suad, mimi huyu, ni mimi, usinichukulie mtoto. Akafika mlangoni. Mguu wake ukainuka juu ya ule mstari mweupe, ukabaki hewani, ukatetemeka, na kwenye unyayo akasikia moto.

Ng'ambo, kwenye ngazi, mwanawe alikuwa anamwangalia juu ya bega la baba yake. Lina akamnyooshea ule mkono mzima, akafungua kinywa amwite kwa jina.

"Mmoja," kikasema kinywa chake, kwa upole. "Mmoja tu."